Habari za Saa Nane Sebuleni kwa Wino

Siku tatu kabla ya Krismasi, mhariri wa zamu alimvuta mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya mtungi wa maji ya kunywa, akamwambia kwamba kuanzia mkesha hadi tarehe ishirini na saba kisanduku chake kitaondolewa kwenye skrini. Mahali pake patawekwa nyota inayozunguka na maneno ya heri ya sikukuu. Mkurugenzi ameipenda sana hiyo nyota, akasema, na kwa vyovyote siku zile huwa hazina habari. Ni nyimbo, salamu za viongozi na ajali mbili tatu za barabarani. Aende akapumzike.

Mkalimani alisema sawa. Baadaye alijichukia kwa jinsi alivyolisema upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuruhusiwa. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Miaka sita mfululizo Krismasi ilimkuta amesimama mbele ya kitambaa cha buluu, amevaa blauzi nyeusi isiyo na urembo wowote, akiigeuza sauti ya msomaji habari kuwa mikono. Watu wanaosikia walimjua kama yule dada wa kwenye kona, na wengi hawakumtazama kabisa. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa safarini mpaka mwaka mpya. Basi akafunga mkoba wake akaenda kwa baba yake, akalale kwenye kitanda cha utotoni na kupikiwa na shangazi.

Nyumbani kwa baba yake hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye vyeti. Viziwi hupeana majina ya mikono, na jina likishamkaa mtu haling'oki. Yeye alikuwa Sikio: kidole cha shahada kinagusa ndewe mara mbili, basi. Alipewa akiwa na miezi michache, siku baba na mama, wote wawili viziwi, walipogundua kwamba mtoto wao anashtuka sufuria ikianguka. Baba yake alikuwa Wino, jina linalosemwa kwa kusugua ncha za vidole kama unayetaka kutoa doa, maana kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha mitambo ya kuchapa gazeti. Mitambo ile iliwamaliza masikio wenzake wote. Yeye, alikuwa akiwatania, hakuwa na cha kupoteza.

Kazi hiyo ilimwachia Wino ugonjwa wa habari. Zamani alikuwa akilisoma gazeti kabla hata mawaziri hawajaamka, karatasi ingali na joto, na alijua nani kamwekea nani vikwazo na bunge la wapi limevunjwa. Sasa alikuwa amestaafu, na kila jioni saa moja wazee wenzake walijaa sebuleni kwake kumtazama Sikio kwenye kona ya televisheni, mtu mzima aliyepunguzwa akawa sawa na boksi la kiberiti. Taarifa ikiisha humtumia ujumbe wa kumkosoa. Jana waziri alijiuzulu kama mtu anayevua shati linalombana, waliwahi kumwandikia, safi sana. Lakini zile ishara mpya za kitaalamu zilizopitishwa na kamati hawakuzipenda. Kituo kilimtaka azitumie hizo hizo, tena uso wake usichezecheze, asije akaonekana anaegemea upande. Kwa kiziwi uso ni nusu ya sentensi, kwa hiyo wazee walisema binti yao anapofika studio huwa kama kapigwa ganzi ya meno. Wao walikuwa na ishara zao. Jumuiya ya kimataifa ikieleza wasiwasi mkubwa, walimwonyesha mtu anayejikuna kidevu kwa masikitiko, kisha anairudisha mikono mfukoni.

Siku ya Krismasi walikuja wazee wanne. Wa kwanza kufika, na suti yake aliyoishona mwenyewe, alikuwa Mwanya, fundi cherehani, rafiki wa Wino tangu shule ya viziwi walikolazwa kitanda kimoja kwa sababu vitanda vilikuwa vichache. Jina lake lilitokana na pengo la meno ya mbele, ambalo alilionyesha bila kinyongo kila alipocheka. Mkewe alikwisha kufariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, anayesikia kama Sikio, anayeitwa Kishimo kwa sababu ya kibonyeo cha shavuni. Kishimo alisomea uuguzi, na ulikuwa mwaka wa pili sasa anafanya kazi katika hospitali kuu ya mji mkuu wa nchi nyingine, safari ya ndege ya muda wa saa tatu. Kila Jumapili alimpigia baba yake simu ya video, wakazungumza kwa mikono mpaka chaji ikaisha.

Asubuhi ile simu haikuingia. Mwanya alimwonyesha Sikio kioo cha simu yake, na Sikio akamwambia kwamba sikukuu mitandao huelemewa, kila mtu anasalimia ndugu zake. Aliamini alichokisema. Gazeti halikutoka, maana wachapaji nao walikuwa nyumbani, na televisheni ilikuwa haijawashwa kwa sababu shangazi alitaka kwanza watu wale kama binadamu. Shangazi, dada yake Wino, aliishi na kaka yake miaka yote hiyo bila kujifunza lugha yake vizuri. Alikuwa na ishara kama ishirini tu, zote za amri: kaa, kula, osha, funga mlango. Alizitumia zote kabla ya saa saba, kuku akaisha, soda zikanywewa, wazee wakalegeza mikanda.

Saa nane Wino akawasha televisheni.

Ilikuwa taarifa ya habari, lakini haikuanza na nyimbo. Ulionekana moshi juu ya paa za mji. Halafu barabara pana isiyo na gari hata moja, na wanajeshi wamepiga goti nyuma ya matofali. Halafu mwanamume mwenye magwanda akisoma karatasi, nyuma yake wenzake wanane wamesimama wima. Midomo ilikuwa ikienda. Kwenye kona ya chini, pale wazee walipozoea kumwona Sikio, nyota ya dhahabu ilizunguka polepole.

Wino aliitazama nyota, kisha akamgeukia binti yake. Sikio aliona haya, kama mtu aliyekutwa kitandani mchana. Kabla hajajieleza, Mwanya alikwisha kusimama. Kwenye picha ulipita mnara wa saa wenye kuba la kijani, na huo mnara aliujua. Kishimo alipiga picha mbele yake siku aliyofika, na picha ile ilikuwa imebandikwa juu ya cherehani dukani.

"Huko ni kwa mwanangu," alisema kwa mikono. "Wanasema nini?"

Sikio akavuta kigoda cha jikoni, akakiweka ubavuni mwa televisheni, akakaa uso ukiwaelekea wazee. Akaanza kazi.

Wanajeshi wamechukua serikali, aliwaambia. Walianza alfajiri, watu wakitoka kwenye ibada ya mkesha. Rais hajulikani alipo. Uwanja wa ndege umefungwa, mipaka imefungwa, simu na mitandao imezimwa nchi nzima. Mikono yake ilikuwa ikienda vizuri, na hakuona tofauti na siku nyingine isipokuwa kwamba sasa alikuwa na ukubwa wake wa kawaida na watu walikuwa hatua mbili mbele yake, akiwaona macho. Viongozi wa dunia wametoa matamko kutoka mapumzikoni. Mmoja alihojiwa mlangoni pa nyumba ya mlimani, kavaa sweta ya sikukuu, mjukuu akimvuta suruali. Jumuiya ya kimataifa imeeleza wasiwasi. Sikio alijikuna kidevu na kuirudisha mikono mfukoni, na hakuna aliyecheka.

Msomaji habari akageuza ukurasa. Taarifa ambazo bado hazijathibitishwa, alisoma, zinasema jengo moja la hospitali kuu ya mji huo limepigwa kombora na kushika moto, na wauguzi kadhaa waliokuwa zamu wamepoteza maisha.

Mikono ya Sikio ilisimama hewani.

Alikuwa amewahi kusimama hivyo mara moja tu maishani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, kwenye korido ya hospitali, kati ya baba yake na daktari mrefu mwenye haraka. Hapakuwa na mkalimani mwingine. Mtoto ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba, benki, shuleni, sokoni, kila mahali. Daktari alisema mama hatamaliza wiki, na mtoto aulize kama baba ana swali. Mtoto alimgeukia baba yake akamwambia kwa mikono: daktari anasema atapona, ila tuvumilie. Wino aliitikia kwa kichwa, akaenda kazini zamu ya jioni. Mama alifariki kabla hajarudi. Kwa miaka ishirini na saba Sikio aliamini kwamba alimwibia baba yake buriani, na hakuna siku waliyoligusa jambo hilo.

Ilikuwa rahisi mno kusema kitu kingine. Angeweza kusema hospitali iko salama, au kusema tu kwamba taarifa imehamia kwenye michezo. Mwanya asingejua. Nyota ilikuwa inazunguka.

Wino ndiye aliyemwona. Hakuinuka kwenye kiti. Alinyoosha mkono wake wenye alama za wino zisizotoka tena, akautikisa kidogo kama anayemwita mtu asogee karibu.

"Sema," alisema. "Yote."

Sikio akasema. Jengo moja la hospitali, kombora, moto, wauguzi wamekufa, idadi haijulikani. Kisha ilibaki ile "hazijathibitishwa". Studio alikuwa na ishara yake ya kamati, nadhifu, ya mkono mmoja, na alijua wazee hawa hawajawahi kuielewa. Akaiacha. "Kuna mtu kasema," aliwaambia. "Huyo aliyesema huenda hakuona kwa macho yake. Wengine wanauliza, na hawajajibiwa. Inaweza kuwa kweli. Inaweza kuwa si hivyo."

Uso wake ulisema ilivyotakiwa kusema, na hakuuzuia.

Mwanya alikaa. Halafu akaanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine, mikono ikigongana. Ni jengo lipi? Lile refu au lile la watoto? Kombora liliingia saa ngapi? Zamu ya usiku inatoka saa moja, je, lilikuwa kabla ya saa moja au baada? Miaka yote sita hakuna mtazamaji aliyewahi kumuuliza Sikio swali; kwenye kona haulizwi mtu. Sasa alikuwa anaulizwa, na kwa kila swali jibu lake lilikuwa ngumi mbili zinazofunguka zikiwa tupu. Sijui, mjomba. Hawakusema. Hilo nalo sijui. Alimwita mjomba tangu utoto, na hakuwahi kumwona amezeeka mpaka dakika ile.

Shangazi alikuja kusimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Yeye alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni. Alimwendea Mwanya, akafikiri kidogo, na kwa kuwa ishara zake ishirini hazikuwa na hata moja ya kufaa, alikaa sakafuni karibu na miguu yake, akabaki hapo.

Waligawana kazi. Sikio alizipiga simu zote alizozijua: ubalozi, ambako simu iliita mpaka ikakatika, wizara, ambako mlinzi alimjibu kwa upole kwamba wakubwa wote wako likizo, shirika la misaada, ambako waliandika jina la Kishimo na kuahidi kupiga. Wazee waliandika ujumbe kwa viziwi wenzao wa miji mingine. Kisha hapakuwa na la kufanya mpaka taarifa ya saa kumi na mbili, na vyombo vilikuwa vimerundikana.

Sikio na baba yake waliosha vyombo uani. Watu wanaosema kwa mikono hawawezi kuosha na kuzungumza kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwa muda mrefu waliosha tu. Mwishowe Wino aliweka sufuria chini, akajikung'uta povu.

"Ulitaka kumdanganya," alisema.

Sikio alikubali.

"Kama ulivyonidanganya mimi."

Sahani ilimtoka mikononi ikarudi kwenye beseni. Alimtazama baba yake, na hakuona hasira yoyote. Wino aliifuta mikono yake kwenye suruali taratibu, kama alivyofanya kila jambo.

Alimweleza kwamba alijua tangu palepale koridoni. Yule daktari alikuwa na uso wa mtu anayetaka kukimbia, na hakuna daktari anayekimbia habari njema. Alikuwa ameishi kwa kusoma nyuso tangu ana miaka mitatu, angeshindwaje kuusoma ule. Lakini mbele yake alisimama mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyepewa mzigo wa mtu mzima, na mtoto yule aliutua kwa njia pekee aliyoiona. Kama angemwambia unadanganya, angembebesha tena. Ndiyo maana aliitikia, na ndiyo maana alikwenda kazini, ili mtoto aone kwamba kaaminiwa.

"Kwa hiyo hukumuaga," Sikio alisema.

"Nilimuaga. Nilipita wodini kwanza. Wewe ulikuwa nje na shangazi yako. Mama yako naye alijua. Tulizungumza mikono ikiwa chini ya shuka, usije ukatuona ukiingia." Aliokota sufuria, akaiweka tena chini. "Alinikataza kukukasirikia. Sikuwa nimekasirika hata hivyo."

Sikio alilia akiwa amechuchumaa, povu mpaka kwenye viwiko. Aliuliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo. Wino alifikiri, akasema alidhani binti yake amesahau. Watoto wanasahau mambo mengi, alisema, kisha akakiri kwamba hapana, hakudhani hivyo. Aliogopa tu kuanza. Akamshika kichwani na mkono ulioloa, akaokota sufuria yake, wakaendelea kuosha.

Taarifa ya saa kumi na mbili haikuongeza kitu, wala ya asubuhi iliyofuata. Lakini ujumbe ulikuwa umesambaa kwamba kwa Wino kuna mkalimani, na tarehe ishirini na sita watu wakaanza kubisha hodi, yaani kuwasha na kuzima swichi ya taa ya mlangoni. Alikuja fundi viatu na mkewe. Walikuja vijana wanne wa karakana ya magari, bibi mmoja na fimbo yake, mama mwenye pacha mgongoni na mwingine kifuani. Wote walikuwa wameona moshi na magwanda tangu jana bila kuambiwa neno, na mmoja alikuwa amekaa usiku mzima akiamini vita imeingia mtaani kwao. Kufikia saa nane walikuwa thelathini na zaidi. Televisheni ilihamishiwa dirishani ikatazama uani, na Sikio akafanya kazi amesimama juu ya kreti la soda. Mabega yalimuuma kama aliyetwanga siku nzima. Baada ya kila taarifa walimuuliza maswali, na yeye aliuliza mengine kwa niaba yao kwenye simu, na Mwanya alikaa mstari wa mbele na suti ile ile ya jana.

Baada ya taarifa ya saa nane Sikio alimpigia mhariri wa zamu. Alitarajia ugomvi, na alikuwa amejiandaa. Mhariri alipokea na sauti ya mtu aliyelala juu ya meza. Alikuwa peke yake chumba cha habari tangu mkesha, alisema, wenzake wote wamesafiri, simu haziachi kuita, na mwanawe mdogo kamnunia kwa sababu hajaonekana nyumbani. Sikio alimweleza kuhusu nyota. Mhariri alisema suala la nyota ni la mkurugenzi, na mkurugenzi yuko pwani hadi tarehe ishirini na nane, hapokei. Halafu akauliza, bila ubaya, ni watu wangapi hasa wanaotazama kile kisanduku.

Sikio alitoka na simu mpaka katikati ya uwanja. Akamwomba abadilishe simu iwe ya video, akaizungusha polepole: bibi na fimbo, vijana wa karakana, mama na pacha, wazee wanne kwenye viti vya sebuleni. Mwisho akaisimamisha kwa Mwanya. Akamwambia mhariri huyu ni nani na binti yake anafanya kazi wapi.

Mhariri alisogeza uso karibu na kioo. "Sikujua," alisema. Kisha: "Njoo saa moja. Nyota naitoa. Mkurugenzi akirudi atanisema, na mimi nitamsikiliza."

Sasa Sikio akawa njia panda. Akienda studio, atarudi kuwa mtu wa kiberiti. Mwanya atamwona lakini hataweza kumuuliza, wala hatakuwepo wa kumshika ikiwa habari itakuwa mbaya. Alimwambia baba yake kwamba labda akatae. Wino alimsikiliza, kisha akamwonyesha kwa kidole watu waliojaa uani. Hawa wana Sikio, alisema. Yuko mwingine huko ndani ndani, nyumba nzima inasikia isipokuwa yeye, na hakuna anayekumbuka kumgeukia amwambie. Huyo ndiye umwendee. Mwanya tutamshika sisi.

Alikwenda. Jioni ile alisimama mbele ya kitambaa cha buluu na nguo alizokuwa nazo, blauzi ya maua yenye doa la sabuni, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kubadili. Mhariri aliiona, akaifumbia macho. Taarifa ilipofika kwenye idadi isiyothibitishwa, Sikio aliiweka kando ishara ya kamati na kusema kama alivyosema sebuleni: kuna mtu kasema, huenda hakuona, wengine wanauliza. Uso wake uliwaendea wote. Alipotoka alikuta jumbe sitini na kitu kwenye simu, nyingi kutoka namba asizozijua. Ujumbe wa baba yake ulikuwa na neno moja tu: Tumekuelewa.

Simu za kule zilifunguliwa tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi. Mwanya alikuwa dukani kwake, hashoni, amekaa tu, na Sikio alikuwa ameketi naye kabla ya zamu. Simu ikatetemeka mezani. Picha ilikuwa mbovu, iliganda kila baada ya sekunde chache, na mikono ya Kishimo iliruka kutoka neno moja hadi jingine bila ya katikati. Lakini ilikuwa mikono yake. Alikuwa amekonda kwa siku tatu na shavu lake lilikuwa na masizi.

Mwanya aliuliza maswali yake yote aliyoyauliza Krismasi, na safari hii yalijibiwa. Jengo la dawa ndilo lililopigwa, saa kumi na mbili kasoro, kabla zamu haijabadilishwa. Yeye alikuwa kwenye lile la watoto, ng'ambo ya bustani. Waliwabeba wagonjwa kwenye shuka. Wauguzi wawili waliokwenda kuchukua dawa hawakutoka. Mmoja alikuwa akila naye kila siku. Aliyaeleza hayo kikazi, wima, na kisha picha ikaganda akiwa ameficha uso kwa mikono, ikabaki hivyo kwa dakika nzima, na baba yake akaushika ule uso uliofichwa kwenye kioo mpaka uliposogea tena.

Alimwambia arudi nyumbani. Kishimo alisema bado, wagonjwa ni wengi kuliko wauguzi. Mwanya alikasirika, akamwambia maneno makali, mtoto naye akajibu, na Sikio aliona wanavyogombana wote wawili machozi yakiwatoka, akatoka nje akawaacha. Hawakuhitaji mkalimani.

Mhariri alisemwa kweli, kwa barua, na mkalimani alipewa ya kwake kuhusu blauzi. Lakini barua za viziwi zilikuwa zimetangulia kufika, gunia zima, na kisanduku hakikuondolewa tena sikukuu yoyote.

Kishimo alikuja mwezi wa tatu kwa likizo ya wiki mbili. Alifika asubuhi moja kwa moja dukani, akasema atajinyoosha kidogo kwenye godoro la nyuma ya pazia, akalala siku mbili. Mwanya alikuwa na sare za shule za watu na tarehe ya kuzitoa imekaribia. Aliwasha cherehani, akasita, akamtumia Sikio ujumbe aje mara moja. Sikio alikimbia akidhani kuna baya. Alimkuta amesimama kando ya cherehani, kidole juu ya swichi, na swali alilokuwa hajawahi kumuuliza mtu katika miaka arobaini ya ufundi.

"Hii ina kelele kiasi gani?"

Sikio aliisikiliza ikizunguka sekunde chache. Alimwambia ukweli, kwamba ni kubwa, inafika mpaka kwa muuza mkaa.

Mwanya aliizima. Akavuta kiti hadi mlangoni penye mwanga, akatunga uzi, akaanza kuzishona sare kwa mkono, moja moja, na kila mteja alipoingia alijiwekea kidole mdomoni.